Naomba Mniharibie Tena Mashine Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Hifadhi ya Vyombo vya Zamani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTENGENEZWA KWA MASHINE YANGU BILA RIDHAA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kiti chako kinazunguka vizuri na feni ya ofisini kwako haipigi kelele. Iwapo inapiga kelele, nakusihi usimwite fundi wenu. Ataitengeneza.

Mimi ndiye yule mtu aliyewaletea kompyuta ya zamani, yenye rangi ya jino la mvuta tumbaku, mlipotangaza redioni kwamba raia wema wachangie vyombo vilivyopitwa na wakati ili watoto wa shule wavione. Huenda hunikumbuki, maana siku ile ulinipa mkono huku ukimtazama mpiga picha. Nilipewa cheti kinachosema nimetoa "kwa moyo mkunjufu", na chini yake, kwa maandishi ya kuchungulia, kwamba mtoaji anaweza kukiomba chombo chake wakati wowote atakapokihitaji. Hakisemi kitakuwa katika hali gani. Hapo ndipo mliponipata.

Nimefundisha chuoni hadi nywele zimebadilika rangi. Nimeandika magazetini dhidi ya wakubwa, dhidi ya wadogo wanaotaka kuwa wakubwa, na dhidi ya wote walioandika kunijibu. Wanafunzi wangu waliniita Kalamu Nyekundu, nami sikuwahi kulikataa jina hilo. Nimelalamikia barabara mbovu, maji machafu na hotuba ndefu. Lakini katika umri wangu huu sikuwahi kulalamikia kitu kwa kosa la kuwa kizima. Leo nalalamika. Mashine yangu ilikuwa mbovu, mkaitengeneza. Naomba muiharibu tena, kwa ubovu uleule, bila kuzidisha wala kupunguza, kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Najua unaposoma hapo unatafuta kengele ya kumwita mlinzi. Subiri kidogo.

Mke wangu ni mfasiri. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiifasiri riwaya moja nene ya kigeni, inayohusu ukoo wa mafundi saa ambao hawajawahi kukubaliana ni saa ngapi. Kazi hiyo aliifanya kwenye mashine ninayoizungumzia, katika chumba chetu cha nyuma, mbele ya dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Akaihifadhi yote katika disketi kumi na moja. Disketi, kama umesahau, ni vile vibamba vya mraba vyenye kizibo cha bati kinachoteleza, ambavyo vijana wa leo wanavijua kama kipicha kidogo cha kubonyeza ili kazi isipotee. Hawajui kwamba kipicha hicho ni picha ya marehemu.

Hakuwahi kuichapa kwenye karatasi. Nikimuuliza nitaisoma lini, alinijibu, "Bado haijaiva." Nikimwambia anipe hata sura moja niipitie, alisema, "We subiri tu." Nami nilisubiri, kwa subira ambayo wanaonifahamu hawataiamini hata nikiwaapia.

Sasa mchapishaji mmoja, mwanamke mchapakazi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ameikubali. Anaitaka nzima kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi yake ya mwaka huu itakwenda kwa kitabu cha bwana mmoja anayefundisha watu kufanikiwa kwa kuamka mapema. Wakati huohuo macho ya mke wangu yameingia ukungu. Daktari amesema jicho la kulia watalisafisha, la kushoto asiahidiwe kitu. Hawezi kuketi tena miaka kumi mbele ya dirisha lile. Kwa hiyo kazi ile ama imo ndani ya disketi zile, ama haimo duniani. Na disketi zile, Ndugu Mkurugenzi, zinasomwa na mashine moja tu chini ya jua: ile mliyoitengeneza.

Naorodhesha malalamiko yangu kwa namba, kwa kuwa nimeambiwa ofisi yenu haijibu jambo lisilo na namba.

1. Kompyuta za siku hizi hazina mdomo. Binti yetu alininunulia moja mpya, nyembamba kama msamaha wa mwanasiasa. Niliigeuza pande zote, juu na chini, nikitafuta pa kuingizia disketi. Nikakuta vitundu viwili ambavyo hata sisimizi wangeingia kwa kupanga foleni. Nikarudi nayo dukani. Muuzaji akaniambia, "Mzee, siku hizi kila kitu kiko hewani." Nikamuuliza hewa ipi, hii ninayovuta au nyingine. Akamwita mwenzake aje anione. Najua hili si kosa lenu. Nalitaja kwa sababu nimekasirika, na hasira yangu lazima ianzie mahali.

2. Nikaagiza kisomeo cha nje, kijisanduku cha kuchomeka kwa waya. Nikaingiza disketi ya kwanza. Kijisanduku kikanguruma, kikakohoa, kikanyamaza. Kisha kompyuta ikaniandikia kwa adabu zote kwamba disketi hii haijaandaliwa, je, ningependa iandaliwe sasa? Kuandaliwa, kwa lugha ya mashine, ni kufutwa. Yaani ilishindwa kuisoma kazi ya mke wangu, basi ikapendekeza isiwepo, tena ikanichagulia jibu la "Ndiyo" likisubiri kidole changu tu. Nimewahi kukutana na wahariri wa namna hiyo, lakini wao angalau hukuagizia chai kwanza. Nilichomoa waya kwa mikono miwili, kama mtu anayemtoa nyoka kitandani.

3. Ndipo nikaja kwenu. Mke wangu alitaka tuje pamoja. "Nipeleke mwenyewe, nitaongea nao," alisema. Nikakataa. Mtu mwenye macho mabovu apande zile ngazi zenu zisizo na pa kushikilia? Isitoshe, hii ilikuwa kazi ya ulimi, na ulimi wa nyumba ile ni mimi.

Nilimkuta mzee wenu wa mapokezi, nikamkuta na mwenzake anayemsaidia kutojua. Mashine yangu ilikuwa ndani ya kioo, imesuguliwa hadi imekuwa na haya, na kibao mbele yake: TAFADHALI USIGUSE. Nikaomba kuigusa. Nikaambiwa mwenye ruhusa ya kugusa ni fundi, na fundi yuko mafunzoni. Mafunzo ya nini? Ya namna ya kugusa.

Safari iliyofuata nilimkuta. Ni dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na alinipokea vizuri. Nasema alinipokea vizuri kwa sababu nataka barua hii iwe ya haki. Alivaa glavu, akafungua kioo, akawasha mashine, akachukua disketi ya kwanza kutoka kwenye soksi ambamo mke wangu huziweka, akaiingiza. Mashine ikasema haioni kitu. Akachukua disketi ya mtu mwingine kutoka kwenye droo yake, akaingiza: ikafunguka papo hapo, majina ya timu ya mpira wa pete ya watumishi wa benki. Akaingiza nyingine: barua ya mapenzi kutoka kwa mtu asiyejitaja kwenda kwa mhasibu wake. Ndugu Mkurugenzi, mashine iliyolala nyumbani kwangu miaka yote ile sasa inasoma mahaba ya wahasibu, lakini mwenye nyumba imemsahau!

4. Nikamuuliza fundi imekuwaje. Akanijibu kwa furaha, akidhani ananipa habari njema: "Mzee, hii ilikuwa mgonjwa. Kichwa chake cha kusomea kilikuwa kimepinda. Nimekinyoosha mwenyewe, na sasa inasoma disketi yoyote utakayoleta."

Nikamuuliza: na zile zilizoandikwa kikiwa kimepinda?

Furaha ikamtoka. Akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba kichwa kilichopinda huandika kando ya mstari, na anayetaka kuyasoma ya kando lazima naye akae kando vilevile. Kichwa kilichonyooka hupita katikati, mahali panapostahili, na hakikuti chochote. Nikamshukuru. Nilimwambia kwamba katika maisha yangu yote ya kufundisha sikuwahi kusikia historia ya serikali ikielezwa vizuri hivyo.

Wahenga walituonya kuhusu asiyeziba ufa, kwamba atajenga ukuta. Hawakutuonya kuhusu anayekuja na ndoo ya saruji, kwa moyo mkunjufu, akaziba ufa ambao ndio ulikuwa mlango wetu.

5. Sitaki ionekane kwamba namlaumu fundi wenu peke yake. Aliyekipinda kichwa hapo mwanzo ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi kwa kuwa hajawahi kuingia nyumba ya mtu akatoka bila kufungua kitu. Siku ile naikumbuka. Nilirudi kutoka chuoni nikawakuta yeye na dada yake chumba cha nyuma, tumbo la mashine liko wazi, wanacheka. Waliponiona wakaacha. Nikauliza kuna nini. "Tunapangusa vumbi tu, shemeji," alisema. Toka siku hiyo mashine ikakataa disketi zangu za chuoni, na kompyuta za chuoni zikakataa disketi yoyote iliyotoka nyumbani. Nililalamika sana. Mke wangu akasema, "Pole, bwana. Basi kila mtu abaki na mashine yake." Shemeji akala chakula changu akaenda zake.

Jambo hilo nimemsemea katika kila kikao cha ukoo, cha harusi na cha msiba. Naye kila mara hutazama chini na kusema, "Nisamehe, shemeji, mkono uliteleza." Mkono wa fundi gani huteleza mara moja tu katika maisha?

Na uzembe wake umeacha ushahidi. Fundi wenu amenionyesha kwamba skrubu inayoshikilia kichwa ina alama mbili za rangi ya kucha, moja nyekundu na moja ya zambarau. Aliikuta kwenye zambarau, akaizungusha hadi kwenye nyekundu, kichwa kikanyooka. Aliniuliza kama najua ile ya zambarau ilikuwa ya nini. Nilimjibu kwamba mimi ni mwanachuoni, si mpaka rangi za kucha. Shemeji yangu huazima kila kitu cha dada yake na kukidondosha juu ya kila kitu kingine. Asingeshindwa kumwaga rangi ya kucha ndani ya kompyuta.

6. Utaniuliza: kazi ni ya mkeo, wewe unagombania nini? Swali zuri, ingawa hukuliuliza. Kila alichowahi kuandika mke wangu kimepita mikononi mwangu. Makala yake ya kwanza ilikuwa na kurasa nane. Nilipomrudishia ilikuwa na tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zangu. Hadithi yake ya watoto niliisahihisha hadi watoto wakaondoka. Shairi alilonitungia tulipooana nilimrudishia likiwa na alama sitini na mbili kwa mia, ambazo kwa shairi la kwanza ni alama nzuri, na hakutunga la pili, nadhani kwa kuridhika. Riwaya hii ndiyo kazi yake pekee ambayo sijaigusa. Kwa maneno mengine, ndiyo kazi yake pekee ambayo bado ina makosa yake yote, nayo inakwenda kuchapishwa! Sasa unaelewa kwa nini nina haraka. Mchapishaji anaitaka mwisho wa mwezi, nami nahitaji wiki mbili kamili za wino kabla yake.

Nikiri pia, kwa ajili ya ukweli, kwamba niliitoa mashine kwenu mke wangu akiwa safarini kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Nilitaka kumfanyia nafasi. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, begi likiwa bado mkononi, akautazama mraba wa sakafu usio na vumbi pale meza ya mashine ilipokuwa. Hakusema neno. Niliupokea ukimya ule kama shukrani.

7. Nilimwomba fundi wenu akipinde tena. Akasema angependa, lakini kanuni ya Kituo ni kutokidhuru chombo. Nikapandishwa kwa naibu wako. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa, kama mtu anayeogopa mlango utatoroka. Kisha akasema, "Kwa kweli, mzee wangu, ombi lako halina kifungu. Tuna kifungu cha kusafisha, cha kutengeneza, cha kurejesha, na cha kuazimisha. Cha kuharibu hatuna."

Nikamwambia: ndugu yangu, tumeona reli zikiharibiwa bila kifungu, na misitu, na mitihani, na vyoo vya stendi. Leo mnashindwa na skrubu moja?

Akanitolea wazo mbadala. Alisema Kituo kinaweza kuzipokea na disketi zenyewe, ziwekwe ndani ya kioo pembeni ya mashine, na kibao kizuri cha kuwaeleza watoto wa shule jinsi watu wa zamani walivyokuwa wakizipoteza kazi zao. Nilitoka bila kuaga. Disketi zote bado ziko kwa fundi wenu, ndani ya soksi, kwenye droo moja na yule mhasibu. Naomba zisichanganywe.

8. Nilimpigia simu Bisibisi nikamtaka aje akipinde kichwa mwenyewe, maana mwenye kuufunga mzigo ndiye ajuaye kuufungua. Akasema, "Shemeji, ngoja kwanza niongee na dada." Nikamkatia simu. Tangu lini mambo ya ufundi yakapelekwa kwa mgonjwa?

Ndugu Mkurugenzi, baada ya hayo yote naleta maombi yangu. Nimeyapanga kuanzia lililo dogo, ili upate pa kukubali.

Kwanza, Kituo kimwajiri shemeji yangu kwa cheo cha Mharibifu Mwandamizi. Apewe meza, glavu, na mtu wa kumkasirisha, kwa kuwa hatelezi mkono akiwa ametulia. Nina hakika atakuwa mtumishi wa kwanza wa umma kuharibu kitu kwa maandishi na kwa manufaa ya mwananchi.

Pili, ikiwa haiwezekani kuipinda mashine moja, basi zipindwe zote mlizonazo kwa kiwango kilekile. Kilema cha wote si kilema tena, ni kawaida, na kawaida haihitaji kifungu. Kinachowasumbua nyie si upindaji, ni upweke wa kilichopinda.

Tatu, itungwe sheria kwamba mtu yeyote asinyooshe kitu chochote kilichopinda kabla ya kuuliza ni nini kimeandikwa kwa kuufuata mpindo huo. Sheria ianze na vichwa vya kusomea, iendelee kwa mabomba, njia za mkato, mitaala na taratibu za ofisi yako, na ikiwezekana ifike kwenye ndoa. Wako watu katika nchi hii wanaosomana vizuri kabisa kwa sababu wote wawili wamepinda upande mmoja. Akija fundi mwema akamnyoosha mmoja, nyumba imekufa.

Nne, kama hayo yote yatashindikana, nyoosheni na yaliyoandikwa. Mrudi nyuma, muzifuate siku zote ambazo mke wangu alikaa mbele ya dirisha lile, mstari kwa mstari, mumwombe aandike katikati. Mkimkuta ana macho yake yote mawili, mwacheni nayo.

Sina zaidi. Nangoja jibu lenu, na nangoja kwa ukali.

Nisalimie fundi wenu mwenye miwani, ambaye kosa lake pekee ni kuijua kazi. Nisalimie mzee wa mapokezi na msaidizi wake. Nisalimie naibu wako, na kitasa chake. Mpiga picha mwambie picha niliiona gazetini: wewe umetoka vizuri, mimi nimetoka sikio. Na kama Kituo kitampata yule mhasibu, mwambieni barua yake imefika, ingawa imechelewa.

Ni mimi, niliyepindwa na wema wenu,

Mwalimu mstaafu, mtoaji wa chombo, mume wa mfasiri.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaitia sahihi. Kwa kuwa mke wangu kwa sasa haoni herufi ndogo, nilimsomea yote kwa sauti, nikiwa nimesimama, kama barua kali zinavyostahili kusomwa. Alisikiliza akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Nilipofika kwenye lalamiko la tano akasema, "Rudia hapo kwenye rangi ya kucha." Nikarudia. "Ile ya zambarau bado ipo?" Nikamwambia ipo, uzembe wa kaka yako haufutiki. Akaanza kucheka. Alicheka hadi shuka likamwanguka.

"Zambarau niliipaka mimi," alisema. "Nyekundu ndiyo ya kunyooka. Nyekundu rangi yako, bwana. Zambarau yangu."

Inaelekea mkono wa shemeji haukuteleza. Uliombwa.

Nilimuuliza sababu. Alisema, "Ulikuwa huoni disketi ukaiacha. Unaibeba, unakwenda nayo chuoni, inarudi imekuwa ya kwako. Nikamwambia kaka anitafutie kufuli." Nilianza kumjibu kwa hoja tatu. Akaninyooshea mkono, akaomba simu.

Akampigia fundi wenu. Walizungumza kama watu waliosoma pamoja. "Izungushe mpaka kwenye zambarau, mwanangu. Polepole, kama unafungua chupa ya dawa." Nilimsikia fundi akicheka upande wa pili na kusema, "Kumbe! Basi hiyo si kuharibu, mama. Hiyo ni kurejesha. Kifungu kipo." Simu haikukatwa. Tukasikia mashine ikinguruma. Kisha fundi akaanza kumsomea, na mke wangu akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, macho amefumba, midomo inacheza pamoja na maneno ambayo mimi sikuyasikia.

Zimesomeka zote. Ya saba ilikwaruza kidogo. Fundi wenu amezituma moja kwa moja kwa mchapishaji, kwa maagizo ya mwenye kazi, na nakala haikupitia kwangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba ulifute lalamiko la tatu, la nne, la tano, la saba na la nane, pamoja na maombi yote manne. Lalamiko la kwanza na la pili yabaki, kwa kuwa kompyuta bado hazina mdomo. La sita lifute mwenyewe kimyakimya, usinijulishe. Shemeji yangu anakuja kula Jumapili, na nimeshauriwa kutotoa hotuba.

Nilimuuliza mke wangu sasa nitaisoma lini. "Ikitoka," alisema. "Ukanunue dukani kama watu."

Dukani ni mbali. Limebaki ombi moja, halihitaji kifungu. Fundi wenu ameisoma sentensi ya kwanza. Tafadhali mwulize inasemaje, uniandikie.

Sitaisahihisha.